Kadi Ndani ya Kola

Mama Pacha alikuwa fundi cherehani mwenye sifa mbili. Ya kwanza, mshono wake haufumuki. Ya pili, nguo yako haiwi tayari siku aliyokuahidi. Ukiambiwa njoo Jumanne, unakwenda Ijumaa, na unakuta kitambaa chako kimekunjwa pale pale ulipokiacha, paka amelala juu yake.

Chumba chake cha kazi kiligawanywa na pazia. Upande huu kulikuwa na cherehani, pasi na meza ya kukatia. Upande wa pili mumewe, Baba Pacha, alikuwa na kiti kimoja cha kunyolea, kioo kimoja, na maneno mengi. Kila alichosikia kwa wateja alikihesabu kuwa elimu. Akimnyoa dereva, jioni anajua magari. Akimnyoa mwalimu, jioni anasahihisha watu. Ilimradi kichwa chako kipite mikononi mwake, yaliyomo yote ni yake.

Karibu na mlango kulikuwa na meza ndogo yenye taa na kioo cha kukuzia. Hapo alikaa mdogo wake Mama Pacha, fundi saa, ambaye watu walimwita Dakika. Alikuwa mpole, mwenye mkono mwepesi wa kazi. Alikuwa pia na ugonjwa wa akili. Ulimwanza akiwa na miaka ishirini na miwili. Alisikia sauti ambazo wengine hawakuzisikia. Kliniki walimpa vidonge na kadi ya kijani ya kuandikia matibabu yake. Akimeza dawa kila siku, alikuwa mzima wa afya. Akiacha, saa zilianza kuzungumza naye.

Jambo hili lilikuwa siri kubwa. Kila mwezi Dakika alipokwenda kliniki, wateja walimuulizia. Mama Pacha alijibu, "Amefuata vipuri." Alifuata vipuri miaka minane. Jirani mmoja, mama muuza mkaa, alisema vipuri vyote hivyo vingetosha kuunda treni.

Basi siku moja Baba Pacha alimtazama shemeji yake kwenye kioo. "Shemeji, umenenepa. Unang'aa. Vidonge vya nini tena? Umeshapona wewe!"

Dakika alifurahi kusikia hivyo. Akaacha dawa. Wiki ya tatu usingizi ulimpotea. Wiki ya nne alianza kuziamkia saa za wateja, moja baada ya nyingine, kubwa kwa ndogo.

Sasa, kwenye ofisi ya maji kulikuwa na saa ya ukutani iliyosimama tangu mwaka uliopita. Hakuna aliyejali. Mchana mmoja, wafanyakazi wakiwa wamekwenda kula, Dakika alipita pale akaisikia saa ile ikiugua. Alivunja komeo la dirisha la nyuma, akaingia, akapanda juu ya meza, akaitungua. Na kwa kuwa alikuwa fundi mwaminifu, aliacha stakabadhi mezani. Aliandika hivi: "Nimempokea mgonjwa mmoja, wa ukutani. Amelazwa. Wa kumwona waje alasiri."

Polisi hawakupata tabu. Stakabadhi ilikuwa na anuani. Walimkuta Dakika ameketi kando ya kitanda chake. Saa ilikuwa imelazwa kitandani, imefunikwa blanketi hadi kiunoni, yaani hadi kwenye namba tatu na tisa.

"Semeni polepole," aliwaambia. "Ndiyo kwanza amelala."

Alishtakiwa kwa kuvunja ofisi na kuiba. Mama Pacha alimwekea dhamana, akarudi naye nyumbani. Kesi ingetajwa Alhamisi.

Mama Pacha hakula siku hiyo. Aliogopa jela. Aliogopa mdogo wake atalala sakafuni bila dawa, akiongea peke yake, watu wakimcheka na kumpiga. Lakini kuna jambo aliloliogopa zaidi, nalo ni watu kujua.

"Wakijua ni mgonjwa wa akili, watamfungia milele," alisema. "Na wateja watatukimbia. Na mabinti zetu nani atawaposa?"

"Tulia," alisema Baba Pacha. "Mimi nimewanyoa washtakiwa wengi. Hakimu anatazama vitu viwili tu, nywele na nguo. Mimi nitamnyoa. Wewe mshonee suti. Akiulizwa, aseme ni kweli, Mheshimiwa, nisamehe. Tunarudi nyumbani."

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake, Mama Pacha alimaliza nguo kabla ya siku yake. Ilikuwa suti ya kijivu, yenye mshono wa kunyooka kama uzi wa fundi mwashi. Lakini alikuwa na tatizo la kadi ya kijani. Aliiweka kabatini, akaona wataikuta. Aliiweka chini ya godoro, akaona ndiko polisi wanakoanzia. Mwishowe akakumbuka kwamba kola ya koti inahitaji kitu kigumu ndani yake ili isimame. Akaikunja kadi, akaishonea ndani ya kola, akapiga mshono mara tatu na kuinyoosha kwa pasi. Kola ilisimama vizuri ajabu.

Siku moja kabla ya kesi walifanya mazoezi. Baba Pacha alikaa kwenye kiti chake cha kunyolea, amejifunga shuka la wateja shingoni. Yeye ndiye hakimu. Alishika brashi ya sabuni kama kirungu.

"Mshtakiwa! Uliiba saa ya ofisi ya maji? Ni kweli au si kweli?"

"Sikuiba," alisema Dakika. "Nilimlaza."

"Hapana, shemeji! Sema ni kweli."

"Ni kweli alikuwa na homa."

"Ishia kwenye kweli! Homa iache!"

"Niiache vipi, na haijashuka?"

Hapo pazia lilifunguliwa. Aliyesimama hapo ni mwanamke mnene, mwenye miwani na mkoba uliojaa makaratasi. Alikuwa msaidizi wa sheria. Kazi yake ilikuwa kuwaeleza watu haki zao na kuwaunganisha na mawakili wa msaada. Lakini Baba Pacha alimjua kwa jina moja tu, Bi Sketi. Alikuwa anafuatilia sketi yake tangu wiki tano zilizopita.

"Sikuja kusikiliza," alisema, "nimekuja kuchukua sketi. Ila nimesikia. Mama Pacha, huyu ndugu yako anaumwa?"

"Haumwi hata kucha!" alijibu Mama Pacha haraka. "Ni uchovu tu."

Msaidizi wa sheria alimtazama Dakika. Akaitazama suti aliyovaa. Akavuta kigoda, akaketi. "Haya. Basi na mimi ninywe maji nipunguze uchovu."

Mama Pacha alijikuna shingo, akaanza kwa mbali.

"Hivi, Bi mkubwa, kwa mfano. Kuna mtu mmoja. Si wa hapa."

"Simjui," alisema msaidizi wa sheria. "Endelea."

"Huyo mtu anaumwa akili. Kisha amevunja sheria. Sheria itamfanya nini?"

"Sheria itauliza maswali mawili. La kwanza ni la leo. Je, sasa hivi huyo mtu anaelewa kesi yake? Anajua kashtakiwa nini, hakimu ni nani, anaweza kujieleza na kuzungumza na wakili wake? Kama haelewi, kesi haiendelei vivi hivi. Hakimu anaweza kuisimamisha na kuamuru mtu apimwe na daktari wa akili, atibiwe kwanza."

"Na la pili?"

"La pili ni la siku ile ya tukio. Je, alipotenda alijua anafanya nini? Alijua ni kosa? Kama ugonjwa ulimfunika hata hakujua, mahakama inaweza kusema kitendo alikitenda, lakini hahesabiwi hatia kama mtu mwenye akili timamu."

Baba Pacha alivua shuka lake la uhakimu. "Ahaa! Kwa hiyo mtu akitaka kuiba, aibe, kisha aseme ana wazimu!"

"Jaribu uone," alisema msaidizi wa sheria. "Daktari hakutazami dakika mbili. Unaweza kuwekwa hospitali siku nyingi, unaangaliwa ukila, ukilala, ukiongea. Kuwa na ugonjwa peke yake hakutoshi. Lazima ionekane ulikuwa umekutawala siku ile. Na hata ikionekana, hufunguliwi mlango ukaambiwa kwaheri. Mahakama inaweza kuamuru utibiwe hospitali, pengine kwa muda mrefu, au chini ya uangalizi. Hilo si jela, lakini si sherehe pia. Na wengi wanaoumwa akili hawavunji sheria hata siku moja, kwa hiyo neno wazimu liweke mbali."

Baba Pacha alianza kuifuta brashi ambayo haikuwa na uchafu.

"Na huyo mtu," alisema Mama Pacha, sauti imeshuka, "ndugu zake wakimfundisha aseme tu ni kweli, ili yaishe?"

"Hapo wamempeleka jela kwa mikono yao. Akisema ni kweli, na hakuna aliyesema anaumwa, hakimu atajuaje? Hakimu si mganga wa kupiga ramli. Atamwona kijana nadhifu, amevaa suti, amekiri kosa. Atamhukumu. Na gerezani nani atajua kuwa anahitaji dawa?"

"Ndugu wafanye nini?"

"Waseme ukweli mapema. Wamwambie wakili, au wamwambie hakimu siku hiyo hiyo. Wapeleke kadi ya kliniki, vyeti vya daktari, hata paketi za dawa. Je, huyo mtu ana kadi?"

Mama Pacha aliitazama kola ya suti iliyosimama vizuri ajabu.

"Hana," alisema.

Msaidizi wa sheria aliinuka. "Nikimpata wakili wa msaada nitamwomba afike kesho. Lakini ana kesi nyingi, huenda akachelewa. Mimi si wakili, siruhusiwi kumtetea mtu mahakamani. Ila wewe ni dada yake. Unaruhusiwa kunyanyua mkono." Alifika mlangoni akageuka. "Sketi yangu?"

"Njoo kesho," alisema Mama Pacha, kwa mazoea.

Alhamisi walifika mahakamani mapema. Mlangoni askari alipekua mikoba. Kwenye mkoba wa Mama Pacha alikuta mkasi mkubwa, mkasi mdogo, wembe wa kufumulia na pini arobaini.

"Mama, unakwenda vitani?"

"Mimi ni fundi."

"Utavikuta ukitoka."

Chumba cha mahakama kilikuwa na mabenchi magumu, feni iliyozunguka kwa uvivu, na saa ya ukutani juu ya kichwa cha hakimu. Hakimu alikuwa mwanamke mwenye nywele nyeupe na sauti ya chini. Wakili wa msaada hakuwa amefika. Msaidizi wa sheria alikaa benchi la nyuma.

Jina la Dakika liliitwa. Alisimama kizimbani, amenyolewa vizuri, suti imemkaa. Watu walinong'ona kwamba huyu labda ndiye wakili. Karani alisoma mashtaka.

"Ni kweli au si kweli?" aliuliza hakimu.

Dakika hakumtazama hakimu. Aliitazama saa iliyokuwa juu yake. Midomo yake ilicheza kidogo kidogo. Baba Pacha, kwenye benchi, alimfanyia ishara kwa mdomo: ni kweli, ni kweli.

"Mshtakiwa, nakuuliza. Ni kweli?"

"Ni..." alisema Dakika.

Mama Pacha aliuona uso wa mdogo wake. Alikuwa anatoka jasho. Hakujua yuko wapi. Alikuwa amevaa suti nzuri kuliko watu wote mle ndani, na hakujua yuko wapi. Moyo wa Mama Pacha uliuma hata akasahau aibu yake. Akanyanyua mkono, kisha mwili mzima ukafuata.

"Mheshimiwa! Naomba kusema! Mimi ni dada yake. Huyu anaumwa. Anaumwa akili, mwaka wa nane sasa. Aliacha dawa. Haelewi anachoulizwa."

Chumba kizima kiligeuka. Baba Pacha alitamani benchi limmeze.

Mwendesha mashtaka alisimama. "Mheshimiwa, mtu huyu anaonekana timamu kabisa. Itazame hata suti yake."

"Suti nimeshona mimi!" alisema Mama Pacha. "Ndiyo kosa langu!"

"Una uthibitisho wa ugonjwa?" aliuliza hakimu.

"Ninao, Mheshimiwa. Kadi ya kliniki."

"Iko wapi?"

Mama Pacha alivuta pumzi. "Iko ndani ya kola yake."

Hakimu aliweka kalamu chini. "Ndani ya nini?"

"Ya kola, Mheshimiwa. Niliishonea."

Hakimu alikubali koti livuliwe. Mama Pacha alilishika, akatafuta mkasi, akakumbuka uko mlangoni. Akavuta kwa kucha. Haikufumuka. Ule mshono wake wenye sifa, mshono mara tatu, ulimgomea mbele ya serikali. Hapo akainamisha kichwa, akauma uzi kwa meno. Akauma tena. Karani aliacha kuandika. Mama mmoja wa benchi la pili alimpa moyo, "Uma upande wa kushoto!" Baba Pacha akasahau aibu, akaja kushikilia bega la koti.

"Mheshimiwa atuvumilie," alisema, "mke wangu anashona kweli kweli."

"Naona," alisema hakimu, amejifunika mdomo kwa faili.

Mwishowe uzi ulikatika. Kadi ilitoka, imekunjika, imenyooshwa kwa pasi, ya kijani kama ilivyozaliwa. Hakimu aliisoma yote, mwezi baada ya mwezi. Kisha akamtazama Dakika, akamwuliza kwa upole anajua yuko wapi.

"Kwa fundi," alisema Dakika.

Hakimu hakucheka, wala mtu mwingine. Aliandika kwamba kesi isimame, na Dakika apelekwe hospitali, apimwe akili, daktari alete taarifa. Wakili wa msaada aliingia wakati huo huo akihema, akaambiwa amekuja kwa wakati wa kesi ijayo.

Dakika alikaa hospitali wiki sita. Mama Pacha alimpelekea nguo safi kila wiki. Baba Pacha naye alikwenda. Daktari alimweleza kwamba mtu huyu huwa mzima kwa sababu anameza dawa, na kwamba kumwachisha dawa ni kazi ya daktari, si ya kinyozi. Baba Pacha aliomba radhi kwa shemeji yake huku akilia. Kisha akajitolea kumnyoa daktari.

Kesi iliporudi, wakili alikuwa amefika kabla ya askari wa mlangoni. Dakika sasa aliyaelewa maswali na kuyajibu mwenyewe. Daktari alieleza kuwa siku ya tukio ugonjwa ulikuwa umemtawala.

Mwendesha mashtaka aliuliza, "Daktari, saa ile ilikuwa mbovu mwaka mzima. Alipokamatwa nayo, ilikuwa inatembea. Mgonjwa wa akili anawezaje kutengeneza saa?"

"Mkono unaweza kuikumbuka kazi wakati akili inaumwa," alisema daktari. "Saa aliitengeneza. Lakini aliamini anamtibu mtu. Ndiyo maana akaacha stakabadhi na muda wa kuja kumwona. Mwizi haachi anuani."

Hakimu alitoa uamuzi wake taratibu. Dakika alivunja ofisi na kuchukua saa. Hilo ni kweli. Lakini alitenda hayo bila kujua ni kosa, kwa sababu ya ugonjwa, kwa hiyo hana hatia. Hata hivyo hakuachwa hivi hivi. Aliamriwa aendelee na matibabu, akae chini ya uangalizi wa dada yake, na kliniki ilete taarifa mahakamani kila baada ya miezi mitatu.

"Umeelewa?" aliuliza hakimu.

"Nimeelewa, Mheshimiwa. Naomba radhi kwa ofisi ya maji."

"Na saa ya mahakama hii unaionaje?"

Mama Pacha alishika roho.

"Inachelewa dakika sita, Mheshimiwa," alisema Dakika. "Nimeona kwa macho tu. Yenyewe haijaniambia kitu."

Safari hii hakimu hakuliona faili la kujifunikia.

Siku hizi Dakika yuko kwenye meza yake. Kila jioni anameza dawa mbele ya shemeji yake, na shemeji yake anasimama kama askari wa zamu. Suti ya kijivu ina mfuko mpya, nje, kifuani, wa kutia kadi ya kijani. Saa ya ofisi ya maji inakwenda sawasawa, na wafanyakazi wanalalamika kwamba sasa wateja wanajua wamesubiri kwa muda gani. Sketi ya msaidizi wa sheria imekwisha. Anasema inambana, lakini hathubutu kuirudisha.

Juzi Dakika alikwenda kliniki. Kabla ya kutoka, Mama Pacha alimwuliza, "Mdogo wangu, wakikuulizia niseme nini leo?"

"Sema ukweli, Dada. Vipuri vimetosha."

Saa nne mama muuza mkaa aliingia na saa yake ya mkononi. "Dakika yuko wapi?"

Mama Pacha alisimamisha cherehani. "Amekwenda kliniki. Anaumwa akili, na anatibiwa."

Mama muuza mkaa aliangalia mlangoni kama kuna mtu, akasogeza kigoda karibu, akanong'ona.

"Hiyo kliniki inafunguliwa saa ngapi? Maana na nyumbani kwangu yuko mtu anafuata vipuri."